Kunoa wembe wa kukunja, na kujua kama umeiva

Wembe unaweza kuangusha nywele zote za mkono, halafu ukiuweka shavuni ukakuvuta mpaka machozi yakatoka. Nilikaa na wembe wa namna hiyo miezi mitatu, hapa Mwanza, kila jioni nikiurudisha kwenye jiwe laini la namba 8000 (namba ikipanda, chembe za jiwe zinakuwa ndogo) nikidhani haujang'aa vya kutosha. Uling'aa kweli, nilikuwa naona dirisha la chumba ndani yake. Makali ndiyo hayakuwapo.

Aliyenifumbua macho ni fundi saa mmoja mzee wa katikati ya mji. Nilimpelekea saa, nikaiona ile lenzi yake ya jichoni, nikamwomba.

"Shikamoo mzee. Naomba kuangalia kitu kwa hiyo lenzi."

"Marahaba mwanangu. Kitu gani?"

Nikautoa wembe mfukoni. Akautazama yeye kwanza, kwa muda mrefu, akiugeuzageuza kwenye mwanga. "Hizi pande mbili hazijakutana," akasema. "Unapiga rangi ukuta ambao haujasimama."

Makali ni hapo tu: mstari ambao pande mbili za chuma zinakutana bila kuacha nafasi. Pande hizo hukutanishwa kwenye jiwe la kwanza, lile la kukwangua. Mawe yanayofuata hulainisha kilichokwisha kujengwa, hayajengi. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa sana kwenye jiwe la kwanza na namna ya kulihakiki, kisha utapita haraka kwenye mawe laini, ingawa ndiyo wengi huyatamani na kuyanunua kwa bei kubwa.

Wembe wenyewe

Saluni zetu hutumia mashine na kiwembe kinachovunjwa katikati na kutupwa baada ya mteja mmoja. Ziendelee hivyo hivyo. Wembe wa kukunja unaonolewa ni wa uso mmoja, uso wako. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha kuhamisha homa ya ini aina ya B, na kuupangusa wembe kwa spiriti kwa haraka si kuusafisha. Usimwazime hata mdogo wako.

Wangu niliupata soko la mitumba la Mlango Mmoja, kwenye lundo la vyombo vya jikoni vya mtumba. Ukiokota wa namna hiyo, angalia kwanza shina, pale karibu na msumari wa mpini, usome maandishi. Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza na Thiers ya Ufaransa ni miji iliyotengeneza nyembe kwa karne nyingi, na jina la Solingen limelindwa na sheria tangu 1938. Wembe mpya unaong'aa sana, wa bei ya soda mbili, usio na alama yoyote, mara nyingi chuma chake hakishiki makali hata ukinoa wiki nzima.

Halafu angalia haya. Ufa unaoanzia kwenye makali, hata mfupi kama punje ya mchele, maana yake wembe umekwisha, hakuna dawa. Mapengo madogo yananoleka. Kutu ya juu juu inasuguliwa ikatoka, lakini iliyochimba vishimo hadi kwenye makali itakusumbua, kwa sababu kila ukinoa unakutana na shimo jipya. Ulaze wembe juu ya kioo bapa, ugonge ncha kidogo kwa kidole, kisha kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa shina. Ukicheza kama meza yenye mguu mfupi, umepinda. Uliopinda kidogo unanoleka kwa mkono wenye uzoefu, ila usijifunzie huo.

Jambo moja linaufanya wembe huu uwe rahisi kuliko kisu: pembe yake imo ndani ya umbo lake. Unapoulaza kwenye jiwe, mgongo na makali vinagusa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Kwa wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4 na nusu hivi, pembe inatoka kama digrii 16. Huna haja ya kukisia mwinuko kama unavyofanya kwa kisu. Kazi yako ni kutounyanyua mgongo, basi. Kama mgongo una nakshi au hutaki uchubuke, bandika tabaka moja la tepu ya umeme, na ukishaanza nayo umalize nayo. Ukiibandua katikati, pembe inabadilika.

Mawe

Watu huniuliza kwa nini tuhangaike kuagiza mawe wakati mji wetu umejengwa juu ya mawe. Panga linanoleka kwenye mwamba wa mlimani, nimefanya hivyo tangu utotoni. Wembe hapana. Miamba ya Mwanza ni graniti, na chembe za graniti unaziona kwa macho, zingine zinafika milimita kadhaa. Chembe za jiwe la namba 8000 ni kama mikroni moja au mbili, na unywele wa kichwani una mikroni 50 hadi 100. Lile jiwe la kijivu lenye pande mbili linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi nalo ni la panga na jembe.

Kinachohitajika ni jiwe la 1000, moja la kati ya 3000 na 5000, na moja la 8000. La 12000 ni raha ya ziada. Mimi niliagiza moja moja kupitia mtu wa Dar es Salaam, na nilikosea mpangilio: nilianza kununua lile laini. Kama fedha inatosha jiwe moja tu mwezi huu, nunua la 1000 na ujifunze nalo.

Kuna wanaotumia msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari, juu ya kioo. Unasaidia, ila namba zake hazilingani na za mawe. Msasa wa P1000 una chembe za mikroni 18 hivi. Ili ukaribie jiwe la 1000 unahitaji P1500 au P2000. Na kwenye msasa wembe uende mgongo ukitangulia, la sivyo utachana karatasi na kupoteza makali kwa mpigo mmoja.

Jiwe lazima liwe bapa. Chora miraba ya penseli juu yake, lisugue kwenye msasa wa maji P400 uliolowa juu ya kioo, mpaka penseli yote ifutike. Ikibaki katikati, jiwe lina bonde, na wembe utanoleka ncha na kisigino tu. Kwangua pembe za jiwe nazo ziwe butu kidogo. Baada ya hapo lisuuze vizuri kwa maji safi ya bomba. Maji ya kuchota ziwani yana mchanga, na chembe moja ya mchanga kwenye jiwe la 8000 inachora mfereji unaouona bila lenzi.

Jiwe la 1000

Anza kwa kuyaua makali yaliyopo. Pitisha wembe mara moja, kwa uzito wake tu, kwenye kitako cha glasi, kama unayekata. Najua inauma kufanya hivyo. Lakini makali ya zamani yaliyobaki sehemu sehemu yatakudanganya kwenye vipimo. Ukiyaua, kila ukali utakaouona baadaye ni wa mkono wako.

Kisha chukua maka peni nyeusi, paka kwenye mteremko, yaani ule uso mwembamba unaong'aa kando ya makali, pande zote mbili. Lowesha jiwe, liweke juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze. Shika shina kwa kidole gumba na cha shahada, vingine vipumzike. Laza wembe, mgongo na makali vyote vikigusa, usukume makali yakitangulia, kama unayetaka kumenya utando juu ya jiwe. Mwisho wa jiwe, ugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo. Ukigeuza kwa upande wa makali umejiharibia.

Wembe una urefu wa sentimita saba na zaidi, na mawe mengi ni membamba kuliko hapo. Kwa hiyo unaposukuma mbele uvute pia kwa mshazari: anza kisigino kikiwa juu ya jiwe, maliza na ncha. Mkono wa mwanzo hugandamiza kisigino na kusahau ncha. Angalia maji: makali yakigusa sawasawa, maji yanapanda juu ya bapa la wembe kwa urefu wote, kama wimbi dogo linalosukumwa na mtumbwi. Palipo na maji yanayopita chini ya makali bila kupanda, makali hayagusi.

Piga mara tatu kila upande, uangalie wino. Usomaji wa wino ndio darasa lenyewe. Wino ukifutika kote, hadi mwisho kabisa wa chuma, jiwe linafika kwenye makali. Ukibaki uzi mweusi ukingoni, bado hujafika. Unakwangua chini yake tu, na hata upige mara mia mbili kwenye jiwe laini, uzi ule utabaki. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu wa miezi mitatu.

Kwa wembe uliochoka, mimi hupeleka mbele na kurudisha nyuma bila kugeuza, mara 30 upande mmoja, mara 30 upande wa pili, nikiweka uzito wa kidole kimoja kwenye bapa, si kwenye mgongo. Napaka wino tena. Narudia. Wembe wa Mlango Mmoja ulinichukua jioni mbili. Uliokuwa ukitunzwa unaweza kumaliza kwa dakika kumi. Idadi haina maana. Wino na vipimo ndivyo vinavyosema. Pande zikishakutana, acha kugandamiza na umalize kwa mipigo 20 ya mshazari kwa uzito wa wembe peke yake, ukigeuza kila mpigo. Hiyo inaondoa kile kiunyuzi cha chuma kilichojikunja ukingoni, ambacho kinaweza kunyoa leo na kuvunjika kesho.

Kuhakiki kabla ya kuondoka kwenye jiwe la kwanza

Vipimo viko vingi, na kosa kubwa ni kutumia cha hatua moja kwenye hatua nyingine. Hapa ninatumia vinne, na wembe lazima upite vyote.

Mwanga kwanza. Simama chini ya taa, elekeza makali juu kama unayetazama ukuta kutoka juu yake. Makali butu yana ubapa mdogo, na ubapa unarudisha mwanga: utaona uzi mweupe au vidoti vinavyometa. Makali ya kweli hayana cha kurudisha, ni mstari mweusi tu. Pindisha wembe taratibu huku na huku. Pengo dogo linajionyesha kwa kumeta na kupotea.

Kucha. Lowesha ukucha wa kidole gumba, weka makali juu yake bila kugandamiza, uvute wembe kutoka kisigino hadi ncha kwa uzito wake. Unatafuta kung'ata kwa namna moja mwanzo hadi mwisho. Ukiteleza mahali, hapo pande hazijakutana. Ukikwama ghafla, kuna pengo. Kipimo hiki hakifanywi tena ukishahamia mawe laini, maana kinaharibu makali laini. Na kamwe usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Nimemshuhudia mtu mzima akienda kushonwa kwa hilo.

Nyanya iliyoiva. Wembe ulazwe juu ya ganda, uvutwe bila kusukumwa. Ukali wa jiwe la 1000 unatosha kuzama. Jaribu ncha, katikati na kisigino kila kimoja peke yake, kisha uoshe na kuukausha papo hapo, kwa kuwa maji ya nyanya yana asidi na yanaacha doa kwenye chuma.

Mwisho nywele za mkono, karibu na ngozi, kwa urefu wote wa wembe. Zianguke bila wewe kukwangua. Kipimo hiki ni mlango wa kutokea tu. Kisu cha wale vijana wanaopara na kupasua sangara ufukweni nacho kinanyoa mkono, na ukikitazama kwa lenzi kina meno kama msumeno. Kwa samaki meno hayo ni mazuri, yanashika ngozi inayoteleza. Kwa shavu ni mateso.

Ukipata lenzi ya kukuza mara kumi, kama ya fundi saa, itumie kila hatua. Mikwaruzo inapaswa kuanzia juu ya mteremko na kufika ukingoni kabisa, pande zote.

Mawe laini

Sasa kazi ni nyepesi. Jiwe la kati: mipigo ya mshazari, uzito mdogo, mpaka mikwaruzo mirefu ya 1000 isionekane kwenye lenzi. Kwangu ni kama mipigo 40. Osha wembe na mikono kabla ya jiwe linalofuata, ili chembe kubwa zisihamie huko. Kwenye 8000, mipigo 30 au zaidi kidogo, uzito wa wembe tu, maji mengi. Utasikia mabadiliko kabla hujayaona: wembe unaanza kunyonywa na jiwe, sauti inashuka. Wengi hunyoa makali ya 8000 na kuridhika, na hawakosei. Jiwe la 12000 linaongeza upole, si ukali mkubwa. Baada ya 8000 nywele za mkono zikatike zikiwa zimesimama, nusu sentimita juu ya ngozi, bila wembe kuigusa ngozi kabisa. Zisipokatika, usiongeze mipigo hapo. Rudi jiwe moja nyuma, na ikibidi rudi hadi la 1000 na wino.

Ngozi

Makali humaliziwa kwenye ukanda. Ukanda wa ngozi ulio laini, upana wa sentimita tano hadi saba, unaweza kukatiwa na fundi viatu yeyote mwenye ngozi halisi ya ng'ombe. Uning'inize kwenye ndoano, uvute uwe mkakamavu. Hapa mwendo ni kinyume cha jiwe: mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Geuza juu ya mgongo, ambao hauachi ngozi hata mara moja. Mipigo 20 kwenye kitambaa kizito cha turubai au kitani, kisha 50 kwenye ngozi, polepole. Kasi ya vinyozi unaowaona kwenye video ndiyo inayokata kanda. Ukanda ukilegea, makali yanaviringika na kurudi ubutu.

Unywele, kisha shavu

Kipimo maarufu ni unywele unaoning'inia. Unashika unywele safi upande wa shina lake, ulikoota, unaacha sentimita mbili au tatu zikining'inia, unaushusha juu ya makali. Ukianguka kimya, vizuri. Ukivutika kwanza ndipo ukatike, bado kidogo. Ukipasuka kwa urefu au ukipita bila kitu, bado sana. Shika shina siku zote, kwa sababu magamba ya unywele yamelala kutoka shina kuelekea ncha, na ukigeuza unapata jibu lingine.

Kwetu kuna tatizo ambalo miongozo ya nje hailigusi. Nywele za kipilipili zimejiviringa na hukwepa makali. Wembe mzuri unaweza kuonekana mbaya. Mimi huomba nyuzi chache kwa dada yangu, anayefuga nywele ndefu bila dawa, nazisafisha kwa sabuni na kuziweka kwenye bahasha. Rasta za dukani hazifai, ni plastiki. Tumia nywele za mtu yule yule kila mara, na ulinganishe wembe wako wa leo na wako wa jana, usiulinganishe na wa mtu mwingine.

Hakimu wa mwisho ni shavu. Mlowesho kwanza: maji ya moto dakika mbili au tatu, povu zito. Ndevu kavu huutia wembe hatia isiyo yake. Laza wembe kwa digrii 30 hivi, shuka kufuata zinakoota ndevu, ngozi ikivutwa kidogo tu. Wenye ndevu za kujikunja wasipande kinyume. Unywele uliokatwa chini ya ngozi hurudi ndani na kuleta vipele.

Sikiliza unachopata. Ukivuta kila mahali, pande hazijakutana, rudi 1000. Ukivuta kwenye ncha tu, mkono wako ulisahau ncha. Ukinyoa safi lakini ngozi ikawaka baadaye, mara nyingi kiunyuzi kimebaki, au unagandamiza; mipigo kumi myepesi kwenye 8000 na ngozi tena hutibu. Ukianza vizuri na kufa upande wa pili wa uso, makali yalikuwa kiunyuzi kitupu.

Baada ya kunyoa, suuza, kausha kwa kitambaa laini, uache wazi saa moja kabla ya kukunja. Hewa ya huku ziwani ina unyevu, na miezi ya mvua, Machi hadi Mei, nimeona kutu ikianza kwa usiku mmoja. Tone la mafuta ya cherehani kwenye makali linatosha; mafuta ya kula yanaganda na kunata. Usiuweke bafuni. Wembe upigwe kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa, na ukianza kuhisi mvuto baada ya wiki kadhaa, mipigo kumi hadi kumi na mitano kwenye jiwe lako laini kuliko yote inaurudisha. Wangu, tangu ile jioni ya pili ya wino na jiwe la 1000, haujarudi huko tena.